Bwana Bado na Bia Nyepesi

Mume wangu hajawahi kusema kitu ni kizuri. Siku ya harusi yetu wageni walimwuliza keki ikoje. Akatafuna, akatazama dari, akasema imelala na kitunguu kwenye friji moja. Mimi niko pembeni yake na gauni langu jeupe, meno nje kwa ajili ya picha, moyoni nasema: haya mama, umejitakia mwenyewe. Shangazi yangu aliyeioka ile keki alinuna, na mpaka leo bado amenuna. Na kitunguu kilikuwemo kweli, aliniambia baadaye kwa siri.

Sijui kama ni kazi iliyomfanya hivyo au ni yeye aliyezaliwa kwa ajili ya kazi. Maisha yake yote alikuwa mwonjaji kwenye kiwanda kikubwa cha bia. Watu wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani mtu alikuwa analipwa kulewa. Thubutu! Mwonjaji akilewa hana kazi. Yeye alinusa, akasukutua, akatema kwenye ndoo, akasema. Wapishi wa bia wanamletea glasi kutoka kwenye tangi, wanasimama mlangoni roho juu, naye anasema, "Bado." Wanarudi tena, "Bado." Kiwanda kizima kikamwita Bwana Bado, na jina likamfuata hadi nyumbani. Hata muuza nyanya wa pale kona analijua.

Kuolewa na ulimi wa namna ile si lelemama. Siku za kuonja sikaangi kitunguu. Sijipulizi manukato. Mswaki anapiga bila dawa, mashati yake nafua kwa sabuni isiyo na harufu, na wifi yangu akija na yale mafuta yake ya nywele anakaribishwa uani, anywe chai huko huko. Nilidhani akistaafu tutapumua. Wapi! Alipostaafu ulimi ukakosa kazi, ukatugeukia sisi. Mtu hatulii. Kashika chai, kaenda dirishani, karudi, kafungua bomba, kanusa maji, "Mama Kitinda, haya maji yamebadilika?" Maji hayajabadilika kitu chochote. Namwambia kaa chini, anakaa upande mmoja wa kiti, mguu unatikisika, mara kasimama tena.

Huyo Kitinda ni binti yetu, kitinda mimba. Wenzake wote wamekwenda kwenye kazi zao za kawaida, huyu ndiye aliyerithi ulimi wa baba yake, na pua, na ubishi. Tangu mdogo alikuwa akimfuata baba yake nyuma nyuma akiuliza hii inanuka nini, ile inanuka nini. Alipokuwa mtu mzima akaanza kupika bia mwenyewe kwenye stoo yetu ya nyuma, kwa sufuria yangu kubwa ya shughuli, ambayo sijarudishiwa. Baba yake akamfundisha yote: kuosha vyombo mpaka vilie, kuchunga moto, kusubiri. Kusubiri hasa. Kisha Kitinda na rafiki yake wakakodi kipande cha godauni, wakaweka matangi mawili, wakaanza kuuza. Kile kiwanda chao ni kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya pipa la mwisho linakusikia.

Sasa Kitinda alikuwa na kamchezo kake. Bia inatokana na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, na yeye alipenda kukikaanga kidogo kabla ya kupika. Bia ikitoka ina harufu ya mkate, ule upande wa ganda ulioungua. Mimi bia siijui, glasi moja nalala, lakini ile harufu hata mimi niliipenda. Baba yake kila akienda pale godauni anapewa glasi, binti amesimama mbele yake kafuta mikono kwenye aproni, macho yote kwenye mdomo wa baba. Anaonja. Anatema. "Unakaanga mno," anasema. "Bia nyeusi imevaa koti, haionekani kitu. Bia nyepesi imetoka kuoga, mama, kila kovu liko nje. Haitaki mkate." Basi. Anaweka glasi chini, anaanza kukagua mipira ya maji.

Na mimi ndiye ninayeuona uso wa mtoto ukishuka. Siku moja nilimvaa tukiwa njiani kurudi nyumbani.

"Hivi ukimwambia mtoto kazi yake nzuri utapungukiwa na nini?"

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Na asiyesifiwa kabisa huacha kupanda mnazi!"

Akaongeza mwendo, mimi nyuma na mfuko wangu wa viazi, nikamsindikiza kwa msonyo mrefu.

Basi, chama cha wapika bia wadogo kikaandaa mashindano, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la bia nyepesi. Mshindi bia yake ingewekwa kwenye baa ya hoteli kubwa ya mjini, watu wamiminiwe mwaka mzima. Wakamfuata mume wangu awe mmoja wa waamuzi watatu. Akakataa. "Mwanangu yumo," akasema. Mwenyekiti wao, mtu anayecheka kabla hajasema, akacheka. "Mzee, glasi zina herufi tu. Hakuna jina, hakuna sura. Utajuaje nani ni nani?" Aliyemaliza ubishi ni Kitinda mwenyewe. Alikuja nyumbani jioni ile, akamwambia baba yake, "Amua tu, baba. Mimi ndiye ninayetaka uamue."

Baadaye akanifuata jikoni, akachukua kisu, akaanza kunisaidia viazi.

"Mama, mimi sitaki hoteli wala kombe," alisema. "Nataka baba aonje bia yangu bila kujua ni yangu, halafu aseme. Akisema mbaya, nitajua kweli ni mbaya. Akisema nzuri..."

Kiazi alichokuwa akikimenya kilikuwa kimeisha chote mkononi. Nikamnyang'anya kisu nikamwambia aende akakae na baba yake, kwa sababu machozi yangu mimi huwa hayapigi hodi.

Siku zilizofuata nyumba haikukalika. Mzee anatoka, anaingia. Usiku anageuka kitandani utadhani shuka lina siafu. Kitinda naye akawa hataki mtu godauni, ukipiga simu anasema nina kazi mama, tutaongea. Nikimwuliza mume wangu anachohofia ni nini, maana ameonja bia kabla huyo mwenyekiti hajaota ndevu, anasema hahofii kitu. Kisha anasimama kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Mara ya mwisho alipotoka kulikagua, nikamwambia hilo geti sasa limeshachoka nawe. Hakucheka. Akasema, "Watu watanitazama mimi, Mama Kitinda. Wote pale wanajua nina binti." Nikamwambia si ndiyo maana glasi zina herufi? Akaguna tu.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wapika bia na jamaa zao tumekaa kwenye viti vya plastiki, na waamuzi wako kwenye chumba cha pembeni chenye ukuta wa kioo, tunawaona lakini hatuwasikii. Meza ina kitambaa cheupe, mkate usio na chochote, maji, ndoo ya kutemea. Mwamuzi mmoja alikuwa mpishi mkuu wa hoteli ile, mwanamke mnene mwenye utulivu wa kutisha, na mwingine kijana aliyesomea mambo ya hamira. Wao walikaa. Wangu alisimama. Kila glasi anaizungusha, anaiinua kwenye mwanga, ananusa, anatembea hatua mbili na glasi yake, anarudi. Mkuu wa jikoni alimsogezea kiti kwa mguu, bila maneno, naye akakizunguka.

Kitinda amekaa kando yangu, mkono wangu ameubana mpaka pete inaniingia. Yeye mwenyewe hakujua ameangukia herufi gani, wapikaji hawaambiwi. Lakini alimtazama baba yake kila alipoinua glasi, nami nikawatazama wote wawili, na shingo ikaniuma.

Ikaja glasi yenye herufi D. Mume wangu akainusa, akasimama tuli.

Jamani, uso ule mimi naujua! Nimeuona kule godauni mara ngapi sijui. Ni uso wa mtu aliyekutana na mtu wake sokoni. Akanusa tena, akaonja, na nikaona anapepesa macho kuelekea kwetu, mara moja tu, kisha akayaondoa haraka kama aliyeungua. Nikajua amenusa mkate. Akainama, akaandika haraka haraka, kwa mkono mzito, akaisukuma ile glasi mbali. Hakurudia kuionja. Na yeye ni mtu wa kuonja kila kitu mara mbili, hata dawa ya kikohozi. Moyo wangu ukafanya pa! Nikasema kimoyomoyo, mtoto wangu amekwisha. Nikamtazama Kitinda. Alikuwa ametulia tu, ndipo nikashangaa.

Glasi iliyofuata haikumshtua. Ile baada yake, F, ilimfanya jambo ambalo sijawahi kuliona: alikaa. Alikaa kwenye kiti kizima. Akaonja, akatema, akanywa maji, akaonja tena, na mara hii hakutema. Akaweka kalamu chini akatazama ile bia kwenye mwanga, ya rangi ya majani makavu, povu jeupe limeng'ang'ania pembeni. Mguu wake ulikuwa umetulia. Halafu akaandika polepole.

Mwenyekiti alipotoka na matokeo alicheka kwanza, kama kawaida yake. Akasema waamuzi wawili walikuwa wamevutana kati ya D na F, D imetangulia kwa unywele tu, na kadi ya mzee wetu ndiyo iliyoamua. "Naomba niwasomee alichoandika kuhusu F, maana mnamjua mzee huyu." Akasoma: "Safi. Utamu unakuja, unaaga, unaondoka. Aliyepika hii anajua kusubiri. Sina la kumrekebisha."

Ukumbi ukapiga kelele, hasa wale waliofanya naye kazi kiwandani. Bwana Bado hana la kurekebisha! Mmoja akajifanya kuzimia kabisa. Kisha mwenyekiti akafungua bahasha akataja mwenye F, na mkono uliokuwa umebana wa kwangu ukaniachia. Alikuwa Kitinda.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Najua nilipiga vigelegele na nikaangusha mkoba wa mama wa watu aliyekuwa mbele yangu. Kitinda alikwenda kupokea kombe, analia na kucheka, kisha hakungoja picha wala nini, akaenda moja kwa moja kwa baba yake aliyekuwa ndiyo anatoka kwenye kile chumba cha kioo. Nikamfuata mbio.

"Baba! Baba, umeona?"

Mume wangu alikuwa amepauka. "F ni yako?"

"Yangu."

"Siyo ile ya mkate?"

"Niliacha kukaanga, baba. Si ulisema bia nyepesi haitaki mkate? Nilikaa miezi naitafuta hii. Sikutaka uijue kwa harufu." Anacheka bado, anapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nilitaka uamue kama ya mtu baki."

Hakumkumbatia. Aligusa ule ukuta wa kioo kama mtu anayetafuta pa kujishikiza. "Nilidhani D ni yako," alisema. "Nikaishusha."

"Uliishusha kwa sababu ya mkate?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. Nani angejua? Mkate ameukataa miaka yote, kila mtu ni shahidi. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilimtazama kwa jicho la kumwambia sema ndiyo, mwanamume, sema ndiyo twende nyumbani.

"Hapana," akasema. "Ile ilikuwa nzuri. Mkate wake umekaa mahali pake. Niliishusha kwa sababu nilidhani ni yako. Niliogopa watu waseme nimembeba mwanangu."

Kitinda aliacha kucheka. Akalishusha lile kombe kutoka kifuani, akalishika kwa mkono mmoja likaning'inia. "Kwa hiyo ungejua F ni yangu, ungenishusha."

Baba yake akasema, "Ningekushusha."

Loh! Nilitaka kumpiga na mkoba wangu pale pale, mbele ya chama kizima. Mtoto kahangaika, kabadilisha mkono wake wote ili amridhishe, naye alikuwa amemkalia tayari na kisu! Nikafungua mdomo nimpe vipande vyake. Kitinda akanishika bega.

"Acha, mama." Akamgeukia baba yake. "Mwenye D ni nani?"

Hatukuhitaji kuuliza mbali. Alikuwa fundi magari mwenye kipara anayepika bia kwenye gereji yake, ndiye aliyetangazwa wa pili. Alikuwa amekaa na mkewe safu ya nyuma, mke anamfuta jasho kwa kitambaa na kumwambia si neno, mwaka mwingine upo, na yeye anaitikia kwa kichwa kama mtoto aliyefeli.

"Nikisema, hili linaondoka," mume wangu alisema. Alikuwa anatazama kombe.

"Najua hesabu, baba. Nenda kaseme."

Akaenda. Mtu ambaye hawezi kutulia alitembea pole pole mno kuvuka ukumbi ule. Nilimwona akimwambia mwenyekiti sikioni, na kwa mara ya kwanza yule bwana hakucheka. Wakaitana, waamuzi wale wawili wakasogea, mkuu wa jikoni akasikiliza mikono imekunjwa, akatikisa kichwa, akasema neno moja ambalo sikulisikia. Kadi ya mume wangu ikaondolewa. Kwa kadi zilizobaki, D ikawa ya kwanza.

Mwenyekiti alitangaza kwa sauti ndogo, na minong'ono ikaanza, maana watu hawana dogo. Huyu anasema mzee kazeeka, yule anasema heri kasema. Mume wangu alisimama pale mbele akapokea yote, mikono nyuma. Wa kwanza kuondoka mahali pake alikuwa Kitinda. Alitembea hadi safu ya nyuma akamkabidhi fundi kombe kwa mikono miwili. "Mkate wako nimeunusa hata nikiwa huku," alimwambia. "Hongera, mzee wangu." Yule fundi hakujua acheke au alie, mkewe akachagua kwa niaba yake, akalia.

Nikadhani nitakwenda kumlaza mtu mgonjwa siku ile. Tulipotoka nje, Kitinda alikuwa nyuma ya pikapu ya rafiki yake anapakia kreti tupu, anazipanga kwa kelele kuliko ilivyo lazima. Mume wangu akavua koti lake zuri, akanipa, akaanza kumsogezea kreti. Wakapakia hivyo, kreti baada ya kreti. Mimi nikasimama na koti, nimeuma ulimi, jambo ambalo kwangu ni kama kubeba gunia.

"Niliyoandika ni ya kweli," alisema mwishowe. "Kila neno."

"Najua ni ya kweli." Kitinda akapokea kreti. "Lakini hukuniandikia mimi. Uliandika kwa sababu ulidhani ni ya mtu mwingine."

Mzee alikuwa ameinama kuchukua kreti nyingine. Akabaki ameinama. Hasira zangu zote zikaniishia pale pale, nikamwonea huruma mume wangu, na nikamwonea huruma mwanangu, nikawa sijui nisimame upande gani wa pikapu.

"Mwakani," alianza, "mwakani nitakuwa..."

"Mwakani usije kuamua, baba." Sauti yake haikuwa na ukali. Ilikuwa imechoka tu. "Mwakani njoo kunywa. Kaa na mama kwenye viti vile, nikuletee glasi, unywe."

Akanyooka. Akafikiri kwa dhati kabisa, kama anavyofikiri kila kitu.

"Na kama haitakuwa nzuri?"

"Utainywa hivyo hivyo," alisema binti yangu, "kama baba za wenzangu."